Malawi na Ulinzi wa Mtoto Njiti



Tunapozungumzia nchi jirani, mazungumzo huwa ya mipaka, biashara na mikutano ya viongozi. Leo tunavuka Mto Songwe kuingia Malawi kwa ajili ya raia mdogo kuliko wote: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia, ambaye sisi humwita njiti.

Mtoto huhesabiwa kuwa njiti akizaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia. Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2012 yaliiweka Malawi mbele ya mataifa yote kwa jambo hili: kati ya kila watoto 100 waliozaliwa huko mwaka 2010, 18 walikuwa njiti. Nchi yenye mzigo wa namna hiyo, na hazina isiyo nene, haikuweza kukaa ikingojea mitambo ya bei kubwa kutoka ng'ambo.

Hatari ya kwanza ya njiti ni pumzi. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa, na mwili hutengeneza ute unaovizuia visishikamane. Ute huo huwa haujatosha mpaka kuelekea wiki ya 34. Mtoto wa wiki 29, kila atoapo pumzi vifuko vyake hunywea, na kila avutapo hana budi kuvifungua upya kwa nguvu. Utaona mbavu zikizama na pua zikitanuka, naye akiguna. Akichoka, huacha kupumua. Ndivyo alivyofariki Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, mwezi Agosti 1963. Alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, na hakumaliza siku mbili. Utajiri wote wa taifa lile haukuwa na la kumfanyia.

Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, madaktari walishirikiana na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani kukijaribu chombo cha bei nafuu. Ukikitazama hakitishi hata kidogo. Pampu za aina ile itiayo hewa katika matangi ya samaki wa mapambo husukuma hewa iliyochanganywa na oksijeni hadi puani mwa mtoto, na ncha ya mpira mwingine huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Kina cha ncha hiyo majini ndicho kinachopima mkazo wa hewa. Maji yakitoa mapovu mfululizo, muuguzi anajua kwamba mkazo upo na vifuko vimeshikiliwa wazi. Mapovu yakikatika, kuna mpira uliochomoka au unaovuja.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Kati ya watoto waliokuwa na taabu kubwa ya kupumua, waliopewa oksijeni ya kawaida walipona 44 katika kila 100. Waliowekewa chombo hicho walipona 71. Kwa watoto wasiofika kilo moja na nusu tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kutoka 15 hadi zaidi ya 65. Baadaye chombo kilipelekwa katika hospitali za serikali za wilaya.

Hata hivyo chombo hakina macho, na hapa aliyepata kushika lindo la usiku ataelewa upesi. Njiti anaweza kusahau kupumua saa nane za usiku, bila kilio wala dalili. Hupewa dawa ya kafeini, ndugu yake kahawa, ili ubongo ukumbuke, lakini ni lazima mtu awe macho. Oksijeni ikipungua mtoto hufa. Ikizidi, huweza kumpofusha. Mikono isiyonawiwa humletea maradhi. Maziwa ya mama hupitishwa kwa mpira mwembamba, kidogo kidogo, kwa sababu kabla ya wiki ya 34 hivi hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja. Siku za kwanza uzito hupungua, na wazazi wengi hukata tamaa hapo, ingawa ni jambo la kawaida. Ukianza kupanda, hutazamiwa gramu 15 hivi kwa siku kwa kila kilo.

Joto nalo lina tiba isiyohitaji umeme. Mwaka 1978 Dk. Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, alianza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mfano wa kangaruu. Malawi iliupokea utaratibu huo katika hospitali ya Zomba mwaka 1999. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtoto lazima kwanza atengemae. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba akibebwa mara baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kutoka 16 hivi hadi 12 katika kila watoto 100.

Kifua cha baba kina joto lile lile. Askari aliyepewa ruhusa ya siku chache aweza kukaa kitini, shati limefunguliwa na mtoto amefungwa kwa kanga, ili mama apate kula, kuoga na kulala. Mtoto ataruhusiwa kwenda nyumbani atakapoweza kunyonya mwenyewe, kuhifadhi joto lake na kuongezeka uzito siku kadhaa mfululizo. Kule nyumbani ataendelea kubebwa hivyo hivyo, mpaka atakapoanza kupiga mateke na kukataa.