forEach haijui kusimama: mfano wa foleni ya salfa Narung'ombe

Chukulia chama cha msingi cha wakulima wa korosho Narung'ombe, wilayani Ruangwa, kimepokea salfa, lakini haiwatoshi wote. Majina yamepangwa kwa tarehe ya kujiandikisha. Kijana mmoja wa pale anaandika programu ndogo ya JavaScript ipite kwenye orodha na kumtumia SMS kila anayefikiwa: njoo ghalani. Akifikiwa mtu ambaye mifuko iliyobaki haimtoshi, kazi isimame hapo hadi mzigo mwingine uje.

Anatumia forEach, kama wengi. Ndani yake anaweka sharti: mkulima akihitaji mifuko mingi kuliko iliyobaki, return.

Hapo ndipo balaa linapoanza. forEach inaita fankisheni upya kwa kila jina, na return inamaliza zamu ya jina hilo tu. Imebaki mifuko 3. Mwenye zamu anahitaji 5, anarukwa. Wa nyuma yake anahitaji 2, anapata SMS. Anayefuata anahitaji 1, naye anapata. Programu haijalalamika popote, na hesabu ya ghala imekaa sawa kabisa. Ila aliyejiandikisha mapema ndiye anabaki anatazama ubwiri unga ukimaliza maua ya mikorosho yake. Karani akimwambia ni kompyuta ndiyo imemruka, nani ataamini?

Akiandika break badala ya return, programu inakataa hata kuanza. break inakubalika ndani ya lupu, na pale ipo ndani ya fankisheni. Kutupa kosa kwa throw kunaikatisha forEach kweli, lakini ni kuvunja mlango na ufunguo uko mfukoni.

Ufunguo wenyewe ni for...of, iliyoingia rasmi kwenye JavaScript mwaka 2015:

for (const m of wakulima) {
  if (m.mifuko > baki) break;
  baki -= m.mifuko;
  tumaSms(m);
}

Ikimfikia yule wa mifuko 5, lupu inaishia palepale na nafasi yake inabaki ya kwanza. Na kama kutuma SMS kunahitaji kusubiri jibu la mtandao, ndani ya for...of unaweza kuweka await ikasubiri mmoja baada ya mwingine. forEach haisubiri mtu.

Kama unachotaka ni jibu tu, huhitaji hata break. find inarudisha wa kwanza anayefaa na kuacha. some inasimama ikipata ndiyo moja, every inasimama kwenye hapana ya kwanza. map na filter, sawa na forEach, huenda hadi mwisho wa orodha.

Kabla ya kuiamini programu yako, ijaribu kwa majina matano ya kubuni: wa pili ahitaji mifuko mingi kuliko iliyobaki, wa tatu ahitaji mmoja. Halafu angalia nani kapata SMS.