USTAWI WA MJI NI NINI?

Wengi wetu hudhani kwamba mji uliostawi ni ule wenye maghorofa na magari mengi. Mimi naona sivyo, na mfano wangu ni Tanga, mji wetu.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza ulimwenguni kwa zao hilo, na robota zilijaa bandarini Tanga. Wakati huo babu yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge. Yeye na wenziwe waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba zao. Baadaye zikaja kamba za viwandani, bei ikaanguka, mashamba mengi yakafungwa. Babu alibakiwa na makovu ya miiba tu.

Basi, ustawi wa kweli humfikia mkataji kama umfikiavyo mwenye shamba: shule, zahanati, maji safi, na kazi za namna nyingi, ili zao moja likianguka, mji usianguke nalo. Ukitaka kuupima mji, usihesabu maghorofa. Muulize mkata mkonge kama mwanawe anasoma.