Kutelekezwa, Kupotewa na Kuachiwa: Vitenzi Vitatu vya Kusomea Riwaya ya Michoro

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza tatizo la msamiati linalomkabili mwalimu wa Kericho au Bomet anayetaka kuifafanua kwa Kiswahili riwaya ya michoro iitwayo When Stars Are Scattered (2020), ya Omar Mohamed na Victoria Jamieson. Riwaya ya michoro ni hadithi ndefu isimuliwayo kwa picha zilizopangwa kwa mfuatano, maneno yakiwa machache. Hii yahusu kukua kwa Omar mwenyewe, aliyekimbia vita vya Somalia akiwa mtoto mdogo pamoja na nduguye Hassan, wakaishi katika kambi ya Ifo huko Dadaab, mashariki mwa Kenya. Baba yao aliuawa. Mama yao walitengana naye katika vurumai ya kukimbia. Je, watoto hawa walipatwa na nini?

Kutelekezwa

Neno la kwanza limjialo mwalimu ni kutelekezwa. Lakini kutelekeza ni tendo la hiari: mwenye kutelekeza anao wajibu, anaujua, naye anaupa kisogo. Tukisema kwamba Omar na Hassan walitelekezwa, tumemhukumu mama yao kabla ya kumsikiliza. Kitabu hakimhukumu, maelezo ya mwishoni yaarifu kwamba baada ya miaka mingi walionana naye tena. Neno hili, basi, halifai.

Kupotewa

Kiswahili kina namna tatu za kulisema jambo hili. Kupotea ni hali ya kilichopotea. Kupoteza humtaja aliyesababisha. Kupotewa humtanguliza aliyepatwa, wala hakumtii hatiani. Aidha, kupotewa si kufiwa. Aliyefiwa huwekewa matanga, na matanga huanuliwa. Aliyepotewa hana tanga la kuanua. Kwa baba yake Omar amefiwa. Kwa mama yake amepotewa. Huzuni ya kwanza ina mahali pa kukomea, lakini ya pili humfuata kisimani, kwenye foleni ya chakula na kitandani.

Hapa ndipo michoro inapofanya kazi ambayo maneno peke yake yangeishindwa. Hassan, ambaye hushikwa na kifafa, husema neno moja tu: hooyo, yaani 'mama' kwa Kisomali. Lugha yake yote imebaki kuwa jina la yule aliyepotea. Neno ni lilelile, lakini uso unaolitamka hubadilika: mara ni furaha, mara ni hofu, mara ni ombi. Msomaji hulazimika kuutazama uso ndipo aipate maana.

Kuachiwa

Kitenzi cha tatu ndicho kiini cha hoja yetu. Acha hunyambuliwa kuwa achia, na achia kuwa achiwa. Tofauti ya kiambishi hicho kimoja ni kubwa. Mtu huachwa, na hapo amepungukiwa. Lakini mtu huachiwa kitu, na hapo amepewa dhamana. Omar ameachiwa Hassan. Anapopewa nafasi ya kwenda shule, husitasita, kwa maana anadhani kwenda darasani ni kumwacha mdogo wake. Fatuma, mama mlezi wao wa kambini, yupo tayari kumtunza. Kukua kwa Omar ni kujifunza kwamba kumwacha Hassan si sawa na kumwachia Fatuma Hassan.

Mwanafunzi wa nyanda za chai hahitaji kufundishwa tofauti hiyo kwa kamusi. Mama anapotoka alfajiri kwenda kuchuma majani chai, mtoto mchanga huachiwa dada au nyanya yake, wala hakuna jirani atakayesema kwamba mtoto ametelekezwa. Kuna pia kumbukumbu iliyo nzito zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1934, serikali ya kikoloni iliziondoa Kericho jamaa za ukoo wa Talai na kuzihamishia Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, zikakaa huko hadi miaka ya kukaribia uhuru wa 1963. Watoto waliozaliwa ugenini walikua katika nchi isiyo ya wazee wao. Nao hawakutelekezwa na wazazi. Walipotewa na nchi, wakaachiwa habari zake.

Zaidi ya hayo, katika mila za Wakipsigis kijana hakui peke yake. Huingia katika ipinda, yaani rika, pamoja na wenzake, naye hufunzwa na wakubwa. Omar hana jando la namna hiyo kambini. Darasa ndilo linalomwekea rika, na mtihani ndio unaokuwa kivuko chake.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba uteuzi wa kitenzi ni uamuzi juu ya mtu. Jambo hili si la wahakiki peke yao. Katika madarasa ya Kericho na Bomet, kama kwingineko, wamo wanafunzi wanaolelewa na nyanya au kaka zao, nao husikiliza kwa makini jinsi mwalimu anavyomtaja mtoto aliye kitabuni. Akisema ametelekezwa, wamesikia hukumu juu ya mama zao. Akisema amepotewa na kuachiwa, wamesikia msiba na dhamana. Na mwenye dhamana bado anahesabiwa miongoni mwa watu.