Kijiti aanze nacho nani? Hesabu inayowaumiza vichwa walimu wa michezo Karatu

MWALIMU wa michezo ana watoto wanne, kijiti kimoja na filimbi. Watoto wote wana mbio. Swali ni moja tu: nani aanze, nani amalize?

Swali hilo huonekana dogo mpaka siku ya mashindano. Msimu wa UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ukikaribia, viwanja vya shule za Karatu, na vya Ngorongoro kule Endulen na Nainokanoka, huanza kuchorwa njia. Mbio za kupokezana vijiti ndizo humaliza siku, na ndizo hupigiwa kelele kuliko zote.

Tatizo ni kwamba huku ni nyumbani kwa mbio ndefu. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akichechemea, ni wa Mbulu, jirani hapo. Mtoto wa huku ukimwambia akimbie kilomita kumi hakuulizi kitu. Ukimwambia mita 100, anauliza mbona zinaisha mapema hivyo.

Basi mwalimu anafanya kile wengi wanachofanya: mwenye kasi kuliko wote anamweka mwisho, wengine anawapanga tu ilimradi nafasi zijae.

Mwandishi wa makala haya alikuwa huyo wa mwisho kwenye timu ya shule yake. Nilisimama nikisubiri kijiti, na kilipofika mkononi mwangu wenzangu wa njia nyingine walikuwa wanakaribia utepe. Wa tatu wetu alikuwa amekiangusha. Njia nzima ya kurudi, juu ya lori, tulimlaumu yeye. Muhula ule hakurudi tena uwanjani. Leo najua tulimwonea. Alikuwa hodari kwenye mstari mnyoofu, lakini aliwekwa kwenye kona, na hakuwahi kufundishwa kupokea akiwa mbioni.

Kila nafasi ina kazi yake

Katika 4x100, wa kwanza lazima ajue kutoka. Ndiye pekee anayeanza akiwa amesimama, tena kwenye kona. Mtoto mfupi, mwepesi, asiyeshtuka mlio wa kuanzia, hapo ndipo pake.

Wa pili anakimbia mnyoofu, anapokea na kutoa. Wa tatu naye ana kazi hizo mbili, ila yeye yuko kwenye kona. Wa nne anapokea tu, halafu anapambana. Kwa hiyo mtoto mwenye kasi lakini mikono mizito, nafasi za kati si zake.

Kuna na suala la mikono. Wa kwanza hushika kijiti kwa mkono wa kulia, ili aweze kubana ndani ya kona. Anampa wa pili mkono wa kushoto, wa pili anampa wa tatu wa kulia, wa tatu anampa wa nne wa kushoto. Hakuna anayehamisha kijiti. Ukibadilisha mpangilio asubuhi ya mashindano, umebadilisha na mikono, na eneo la kupokezana ni mita 30 tu. Mkizivuka kijiti hakijapokewa, mmetoka.

Kwenye 4x400 mambo ni mengine, na hapo ndipo watoto wa Karatu na Ngorongoro wana nafasi nzuri. Wa pili ndiye anayeruhusiwa kuacha njia yake baada ya kona ya kwanza, na wote hukimbilia ndani. Panahitaji mtu asiyeogopa viwiko, na mtoto aliyezoea mbio za nyika, kukimbia katikati ya kundi, hapo hajambo.

Somo la Bayi

Kama mkubwa wako aende mbele mapema au asubiri mwisho, mjadala huo Bayi aliujibu kwa miguu. Februari 2, 1974, kule Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo mpaka utepe na kuweka rekodi ya dunia, 3:32.2. John Walker wa New Zealand alimfukuza mpaka mwisho, naye akamaliza chini ya rekodi ya zamani, lakini hakumfikia.

Miaka sita baadaye, Olimpiki ya Moscow, Bayi aliongoza tena, safari hii mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akapata fedha, moja ya medali mbili pekee za Tanzania katika Olimpiki mpaka leo. Nyingine ni ya Suleiman Nyambui, palepale Moscow.

Hata wakubwa hucheza kamari hiyo. Fainali ya 4x400 mchanganyiko, mashindano ya dunia ya Doha 2019, Poland walianza na wanaume wawili wakati wengine wakichanganya. Wakaongoza kwa mbali, kisha wanaume wa timu nyingine wakawafuata wanawake wao na kuwapita. Waliishia nafasi ya tano.

Kigumu zaidi ni timu ya mkoa. Mtoto wa Karatu, wa Ngorongoro, wa Longido na wa Arusha Jiji wanakutana kambini kwa muda mfupi, hawajuani hata majina, na mwalimu anatakiwa awapange. Hapo saa ya kupimia mtu mmoja mmoja haitoshi. Wapimwe wawili wawili, kijiti kikitoka mkono huu kwenda ule. Wawili wanaoelewana wanaweza kuwashinda wawili wenye kasi kubwa wanaosubiriana.

Na mtoto aambiwe mapema kwa nini yuko hapo alipo. Wa tatu akijua kona ile amepewa kwa sababu anaiweza, hatajiona amefichwa katikati.

Mzazi, ukifika uwanjani msimu ujao, usimuulize mwalimu kwa nini mwanao hamalizi yeye. Muulize amefanya mazoezi ya kupokea mara ngapi, na nani.