Kuhakiki Msimbo wa Linux Kabla ya Kuutafsiri

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kazi zote za kompyuta: hugawa kumbukumbu, huongoza diski, na huamua ni nani aruhusiwe kufanya nini. Programu hiyo huandikwa kwanza kwa lugha inayosomeka na binadamu, kama vile lugha ya C. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Ili kompyuta iweze kuyatekeleza, hayana budi kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine, na kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo kompaila.

Kompaila huchunguza sarufi ya msimbo, lakini haitambui nia ya mwandishi. Ikipewa msimbo uliochezewa kwa hila, huutafsiri kwa uaminifu uleule. Kwa sababu hiyo, uhakiki hauna budi kutangulia tafsiri.

Madhara ya alama moja

Mfano mzuri ni wa Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mwaka 2003 msimbo wa kiini chake ulitunzwa katika hazina kuu kwa kutumia programu ya BitKeeper, na nakala yake ikawekwa katika hazina nyingine ya aina ya CVS. Mwezi Novemba mwaka huo, mtu asiyejulikana aliingia katika nakala hiyo na kuongeza mistari miwili.

Kwa kuitazama juu juu, mistari hiyo iliuliza tu kama namba ya mtumiaji ni 0, ambayo katika Linux ni namba ya msimamizi mkuu. Lakini katika lugha ya C, alama == hulinganisha thamani mbili, ilhali alama = hupachika thamani mpya. Mhalifu aliandika =. Hivyo, badala ya kuuliza, msimbo ungempa mtumiaji yeyote aliyejua siri hiyo mamlaka ya msimamizi mkuu. Kisarufi sentensi ilikuwa sahihi. Hila hiyo iligunduliwa kwa sababu nakala ililinganishwa na hazina kuu, ikaonekana kwamba badiliko hilo halikuwa na asili yake humo.

Hatua za uhakiki

Kiini cha Linux hupakuliwa kutoka kernel.org kikiwa faili moja lililofinywa, lenye zaidi ya megabaiti 100. Baada ya kulipakua, kuna maswali mawili ya kujibiwa.

Swali la kwanza: je, faili limefika zima? Hapa hutumika kanuni ya SHA-256, ambayo hukokotoa kutoka faili lolote muhtasari wa biti 256, unaoandikwa kwa tarakimu 64 za kizio cha kumi na sita. Muhtasari uliokokotolewa ukitofautiana na ule uliotangazwa, faili hilo lisitumiwe.

Swali la pili: je, limetoka kwa mwenyewe? Anayeweza kubadili faili aweza pia kubadili muhtasari uliowekwa kando yake. Kwa hiyo watunzaji hutia sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wao wa siri, na mpakuaji huihakiki kwa ufunguo wao wa wazi. Sahihi hiyo ni kama lakiri juu ya bahasha: huonyesha aliyetuma, na kwamba yaliyomo hayakuguswa njiani. Yafaa kukumbuka kwamba sahihi ya Linux hutiwa kwenye faili kabla halijafinywa. Kwa hiyo sharti lifinyuliwe kwanza, ndipo sahihi ihakikiwe. Ufunguo wa wazi nao hauna budi kupatikana kwa njia ya kuaminika, kwani lakiri isiyojulikana haithibitishi lolote.

Hata hivyo, sahihi haithibitishi kwamba msimbo hauna makosa. Huthibitisha tu kwamba msimbo ni uleule uliotolewa na watunzaji.

Jaribio la darasani

Katika kompyuta yenye Linux, wanafunzi waandike faili fupi la maneno, kisha watumie amri ya sha256sum na kunakili tarakimu zitakazotokea. Halafu wabadili mkato mmoja kuwa nukta, waliweke upya faili hilo, na kurudia amri. Wakilinganisha majibu mawili, wataona kwamba tarakimu nyingi zimebadilika, ingawa kilichobadilishwa ni alama moja tu, kama ilivyokuwa mwaka 2003.