Thamani na maandishi katika orodha kunjuzi

Thamani na maandishi ni sehemu mbili za kila chaguo katika orodha kunjuzi ya fomu ya wavuti. Maandishi ni yale anayoyasoma mtu kwenye skrini. Thamani ni kile ambacho kivinjari hutuma kwa seva na ambacho kwa kawaida hutunzwa katika hifadhidata. Si lazima vifanane.

Katika HTML orodha hiyo hutengenezwa kwa tegi ya "select", na kila chaguo kwa tegi ya "option" inayoweza kupewa sifa ya "value". Utaratibu huu ulikuwamo tayari katika HTML 2.0 ya mwaka 1995. Sifa hiyo isipoandikwa, kivinjari hutuma maandishi yenyewe. Ndiyo maana fomu nyingi hufanya kazi vizuri siku ya kwanza bila mtengenezaji kugundua kwamba anatunza majina tu. Hata mstari wa juu unaosema "Chagua kata" unaweza kuhifadhiwa kama kata, usipopewa thamani tupu.

Ubaya huonekana majina yanapobadilika. Kata ya Ndalambo ilikuwa katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 ikawa chini ya wilaya mpya ya Momba, na mwaka 2016 Momba ikaingia katika mkoa mpya wa Songwe. Mfumo unaohifadhi maneno ya kila kipindi utaiona kata hiyo kama mahali patatu, na anayetafuta watu wa Songwe atawakosa walioandikishwa zamani. Mfumo unaohifadhi msimbo, tuseme K017, hurekebishwa mara moja tu katika jedwali la maeneo.

Msimbo usibebe habari inayoweza kubadilika. Postikodi ya Tanzania ina tarakimu tano zinazoanzia kanda na kushuka hadi kata, kwa hiyo kata ikihamishiwa mkoa mwingine namba yake nayo huyumba. Inafaa kwa barua kuliko kuwa utambulisho wa kudumu. ISO 3166-2 ilifanya vizuri zaidi: Songwe ilipewa TZ-31, na Mbeya ikabaki TZ-14.

Kosa baya kuliko yote ni kuhifadhi nafasi ya chaguo katika orodha. Songwe ikiongezwa kwa mpangilio wa alfabeti, hukaa kati ya Singida na Tabora. Papo hapo watu wa Tabora husomeka kuwa wa Songwe, na wa Tanga kuwa wa Tabora, bila onyo lolote.

Hata hivyo msimbo peke yake hautoshi kwa kumbukumbu za kihistoria. Aliyezaliwa Ndalambo mwaka 2010 alizaliwa katika Mkoa wa Mbeya, na cheti kilichotolewa wakati huo husema hivyo. Mfumo ukimwonyesha Songwe, ataonekana ana karatasi zisizolingana. Dawa ni jedwali la maeneo lenye tarehe ya kuanza na kuisha kwa kila jina na mkoa wake, ili maandishi yatolewe kulingana na tarehe ya tukio.

Mwishowe, mtumiaji mjuzi anaweza kubadilisha thamani ndani ya kivinjari kabla ya kuituma. Seva hulazimika kuhakiki kwamba msimbo uliopokelewa umo katika jedwali, hata kama orodha haikuwa na chaguo la namna hiyo.