Nchi ikizama, nani apate tiketi? Funzo kwetu kutoka Tuvalu

HEBU fikiria hivi. Nchi yenu nzima ina watu wapatao 11,000. Ukiwapeleka wote uwanja wa Nyayo, viti vinabaki tele. Halafu bahari inapanda, na ardhi mnayoikanyaga iko mita mbili hivi tu juu ya maji.

Hayo ndiyo maisha ya vijana wenzako wa Tuvalu, visiwa tisa katika Bahari ya Pasifiki. Pengine uliiona ile video ya 2021: Simon Kofe, waziri wao wa mambo ya nje wakati huo, akihutubia kongamano la tabianchi la COP26 akiwa na suti na tai, maji yamemfika magotini.

Novemba 2023, Tuvalu na Australia zilitia saini mkataba unaoitwa Falepili, neno la Kituvalu linalobeba maana ya ujirani mwema. Ulianza kutumika Agosti 2024. Kila mwaka, hadi raia 280 wa Tuvalu wanaweza kuhamia Australia, wafanye kazi, wasome na watibiwe huko. Hawaulizwi kama wamepata kazi. Wakitaka kurudi nyumbani, wanarudi.

Shida iko kwa hiyo 280. Wanaokwenda huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kujiandikisha ni dola 25 za Australia, kama Sh2,000 hivi. Dirisha la kwanza lilipofunguliwa Juni 2025, zaidi ya watu 8,000 walijiandikisha, ukihesabu na familia zao. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo huo, wa mwisho atasubiri zaidi ya miaka 28.

Wala usidhani Australia inatoa sadaka. Kwa mkataba huo, Tuvalu haiwezi kuingia makubaliano ya usalama na nchi nyingine bila Australia kukubali. Na Australia yenyewe ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa makaa ya mawe duniani, yale yale yanayochangia joto linaloinua bahari.

Hata hivyo, Tuvalu haikutoka mikono mitupu. Mkataba unaitambua kuwa nchi hata bahari ikiifunika. Na kwa wale wasiotaka kuhama, serikali imejaza mchanga baharini kule Funafuti, mji mkuu, na kupata hekta 7 hivi za ardhi mpya iliyoinuliwa.

Utasema Pasifiki ni mbali. Haya, rudi huku. Ukame ukibisha, mfugaji wa Turkana au Mandera hufuata maji na malisho, na mara nyingi yako ng'ambo ya mpaka. Februari 2020, mawaziri wa IGAD, jumuiya ambayo Kenya ni mwanachama, walipitisha itifaki ya watu kusafiri kwa uhuru. Ndani yake kuna kifungu kinachowaruhusu raia kuvuka mpaka kabla ya janga, likiendelea au baada yake. Lakini karatasi haimvushi mtu. Lazima kila serikali iidhinishe na afisa wa mpakani aifuate.

Kwa hivyo, siku ukiona viongozi wakipeana mikono mbele ya kamera, usiishie kwa picha. Uliza: anayetaka kwenda atapata stakabadhi? Anayetaka kubaki atasaidiwa abaki? Na sisi tumetoa nini ili tupewe hicho?

Sasa niambie: ungekuwa Tuvalu, ungelipa hizo Sh2,000?